Tangi Langu Linang'aa Kuliko la Naftali

Jumatatu, 16 Juni

Siku imeanza vizuri. Imeharibiwa na Naftali. Kama kawaida yake.

Madamu Loyce ametuita mafundi wote wa kuchomelea wa hapa Ikungi. Wote maana yake mimi na Naftali, maana wale wengine ni wa kuziba ndoo. Huyu mama amerudi kutoka Mwanza na mitambo yake kwenye lori, na anafungua karakana ya kuchovya vyuma zinki, pembeni ya barabara ya Dodoma. Bolti, minyororo, vipuri vya mashine za kukamua alizeti. Chuma kikishachovywa zinki hakishiki kutu hovyo. Kazi kubwa! Anahitaji matangi: la kutoa mafuta kwenye vyuma, la asidi ya kula kutu, la kusuuza, la zinki. Na atakayeyajenga ndiye atakayebaki pale kuwa fundi mkuu.

Fundi mkuu! Nilijiona nimevaa koti la bluu, jina limedariziwa kifuani: Calist. Watu wananipisha mlangoni.

Madamu akaeleza habari ya asidi yenyewe. Jina lake refu, haidrokloriki. Akaendelea kwa kirefu kusema inapatana na nini na haipatani na nini. Alisisitiza sana, hata kidole alinyoosha. Sikushika hata neno. Nilikuwa naangalia buti za Naftali. Mpya! Ngozi nene, kamba nyekundu. Kazitoa wapi? Huyu tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, tukila sahani moja, wote tukichomelea na kandambili miguuni. Leo ana buti. Mimi bado kandambili.

Kisha Naftali akaanza maswali. Asidi ni kali kiasi gani? Itapashwa moto au itakaa baridi? Vyuma vitakaa humo muda gani? Maswali, maswali! Fundi anayeuliza hivyo hajui kazi. Mimi sikuuliza hata moja, nilikunja mikono tu. Madamu akamtabasamia Naftali. Mimi alinipa maji ya kunywa.

Kutakuwa na mtihani. Kila mmoja ajenge tangi dogo la asidi. Ijumaa yanajazwa, Jumamosi yanakaguliwa, tangi litakalosimama linapata kazi yote. Tukiwa na shaka twende tukamwulize, mlango uko wazi. Shaka ya nini? Mimi nimeshaamua. Stenlesi. Masinki ni stenlesi, vijiko vya harusini ni stenlesi, mkasi wa daktari ni stenlesi. Kitu kinachong'aa hivyo kutu itapitia wapi?

Nimemsimulia Ritha. Badala ya kunipongeza mumewe, ameuliza Naftali aliuliza nini. Nikamweleza kwa dharau. Akasema Naftali ana akili. Wanaimba kwaya pamoja, Naftali ndiye besi. Mimi nilikuwa sauti ya teno, mpaka nilipoombwa nipumzike kidogo. Hiyo ni Pasaka ya mwaka juzi. Bado napumzika.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Mkiwa kwa Mzee Philipo, yule wa vyuma chakavu pale njia panda. Nimempa shikamoo yake, nikatoa sumaku yangu yenye uzi, nikaanza kupima. Hakuna fundi asiyejua hili: sumaku isiposhika, hiyo ni stenlesi. Sumaku haina upendeleo, haina kwaya.

Nikapata mabati mazuri yaliyokatwa kwenye tangi la maziwa. Sumaku ikateleza kama imekanyaga sabuni. Haishiki hata kidogo! Mzee Philipo akaniuliza nataka ya kazi gani. Nikamwambia ya asidi. Akajikuna shingo, akasema asidi ziko za kila aina, kama wakwe, ni vema mtu akauliza kwanza anaingia kwa yupi. Wazee bwana! Nikamwambia sumaku haijashika, kwa hiyo mjadala umefungwa. Akasema sawa mwanangu, pesa ni yako.

Kusema kweli pesa ni ya Ritha. Ni ile ya bati za jiko lake. Lakini fundi mkuu atamjengea Ritha jiko jipya zima, si bati tu. Kwa hiyo nimemfanyia wema, isipokuwa bado hajaujua.

Nikarudi kwa bodaboda ya Marko, stenlesi ikiwa imefungwa mgongoni kwangu, upepo ukitaka kunirusha kama tiara. Njia nzima Marko anaongea. Ndipo akanichoma moyo: asubuhi alimpeleka Naftali kwa Madamu Loyce tena. Walikaa ndani. Wamekunywa chai. Chai na chapati!

Nikauliza chapati ngapi. Marko akasema yeye hakuhesabu, ila Naftali alikuwa ameinamisha kichwa na anaongea kwa sauti ndogo. Namjua huyo! Anajipendekeza. Anainamisha kichwa kama anaungama, wenye pesa wanamhurumia, kazi inampata. Mimi maji, yeye chapati. Sikula chakula cha jioni vizuri. Nimekula, lakini si vizuri.

Jumatano, 18 Juni

Nimegundua hatari. Itakuwaje kama Naftali naye atatumia stenlesi? Matangi mawili yanang'aa, tumelingana, halafu buti zinaamua! Lazima nimwondoe kwenye stenlesi kabisa. Nimpeleke mbali, kwenye upuuzi.

Kwenda mwenyewe haiwezekani, atashtuka. Lakini kuna Marko. Mdomo wa Marko hauna mlango wala dirisha. Ukitaka jambo lifike mpaka Singida mjini, mwambie Marko ni siri.

Nikamkuta anaziba tairi lake lililopata pancha. Nikachuchumaa. Nikawa natafuta uongo wa maana, macho yangu yakaangukia ule mpira, na wazo likaja lenyewe. Nikamnong'oneza. Marko, usimwambie mtu, hasa Naftali. Mafundi wakubwa, wale wa migodini, tangi la asidi hawalijengi kwa stenlesi hata siku moja. Wanachukua chuma cheusi cha kawaida, kile kile cha mageti, halafu ndani wanakivika mpira. Mpira! Marko akauliza mpira huu huu? Nikamwambia mzito zaidi, unabandikwa na gundi kila kona, asidi isione chuma kabisa. Nikakunja uso kama mtu anayejuta kusema.

Chuma cha geti na mpira wa pancha, ndani ya asidi! Nilikwenda nyuma ya choo nikacheka peke yangu.

Mchana nikapita nje ya uzio wa Naftali, najifanya natafuta mbuzi. Mbuzi sina. Na nikaona nini? Bati jeusi limelala chini, na Naftali amepiga magoti juu ya kipande kirefu cha mpira mnene, wa ule mkanda mkuukuu wa kubebea mawe mgodini. Anakipima kona kwa kona. Amemeza ndoana! Anapiga na mluzi!

Mluzi wake uliniudhi kidogo. Mtu anayekwenda kuaibika hana haki ya kupiga mluzi namna ile.

Nikarudi kazini kwangu. Rodi za kuchomelea stenlesi ni ghali na ziko mjini tu, kwa hiyo nimetumia rodi za kawaida. Ukishapitisha grenda na msasa, nani atajua? Nimelisugua tangi kwa majivu mpaka nikajiona. Nimenyoa ndevu mbele yake. Ritha amepita akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa naimba.

Alhamisi, 19 Juni

Ushindi upo, lakini si vibaya kuusukuma kidogo. Nimemchukua jogoo wangu mwekundu, yule niliyemlisha mtama kwa mkono wangu, nikampelekea Madamu Loyce. Si rushwa. Ni mgeni kumkaribisha mgeni. Yaani mwenyeji. Nilichanganya maneno kidogo pale mlangoni.

Madamu amepokea kwa furaha, ameshukuru sana. Kisha akasema vizuri, atapikwa Jumamosi baada ya mtihani, tule wote. Wote! Nikauliza, wote nani? Akasema wewe, Naftali, familia zenu, na majirani. Jogoo wangu! Nikamtazama jogoo, naye akanitazama.

Wakati natoka nikamkuta Naftali pale uani na tangi lake. Amelijaza maji tupu, analizunguka, anapapasa chini kama mkunga. Anapima kama linavuja! Nikacheka kimoyomoyo. Mtu mwenye imani na kazi yake halipimi. Kupima ni kukiri. Langu sijalipima na sitalipima.

Akaniona. Akaja mbio, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akasema kaka Calist, kuna jambo nataka kukushukuru, lakini nitalisema Jumamosi mbele ya watu. Macho yamemlowa!

Anapanga nini huyu? Kunishukuru mimi kwa lipi? Hakuna kitu kibaya kama adui anayekushika mkono na huelewi kwa nini. Nimeutazama mkono wangu njia nzima.

Na lile tangi lake ni baya, Mungu anisamehe. Jeusi, ndani jeusi zaidi. Linafanana na sufuria ya kupikia makande msibani. Lakini watu wa pale uani walikuwa wanalisifu! Mpishi wa Madamu amesema limetulia. Limetulia! Langu hajaliona. Akiliona atahitaji kiti.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kujaza. Matangi yote mawili yamewekwa uani, kila moja ndani ya beseni kubwa la plastiki, na pembeni mfuko wa magadi na ndoo za maji. Kwa nini mabeseni? Madamu anasema ni tahadhari. Nikamwambia kwa langu asingehitaji.

Watu walijaa. Jua lilipiga tangi langu, mwanga ukatua kwenye ukuta wa jirani. Mwanamke mmoja alijifunga upya kilemba akijitazama humo. Naftali mwenyewe alilisogelea, akasema lo, Calist, mkono wako ni wa dhahabu. Alisema kwa moyo, na hilo ndilo lililoniuma. Kusifiwa na Naftali ni kama kukaribishwa kwenye nyumba yako mwenyewe.

Madamu akalitazama kwa muda mrefu. Akauliza, hii ni stenlesi? Nikasema sumaku haishiki. Akauliza kama nakumbuka aliyoyasema Jumatatu. Nikasema neno kwa neno. Akauliza nina hakika? Nikasema Madamu, mimi ni mtu mzima. Akasema haya, mtihani ni mtihani. Akavaa glavu ndefu na miwani, akatusogeza wote nyuma, akamimina.

Tangi la Naftali: kimya. Hakuna kinachotokea. Asidi imelala kama maji ya kisima.

Tangi langu: limeamka! Viputo vidogo vidogo vikapanda kutoka kwenye kona, chuu, chuu, chuu. Watu wakaniangalia. Nikawaeleza kwamba stenlesi inajisafisha. Wakaitikia kwa vichwa. Nikamhurumia Naftali, tangi lake halina hata uhai.

Mchana asidi yangu ikageuka kijani. Marko akauliza kwa nini ya Naftali haina rangi na yangu ni ya kijani. Nikamwambia ndiyo tofauti ya bei.

Jioni watu walipoondoka nikaona tone. Moja tu, kwenye kiungo cha chini. Kisha jingine. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyeona, Madamu yuko ndani kwenye simu. Nikatulia. Nikakumbuka matangi ya mafuta. Lori likitoboka tangi katikati ya pori, dereva anafanya nini? Anachukua kipande cha sabuni ya mche, anakilainisha, anakikandika kwenye tundu, anafika Dodoma anasikiliza redio. Mimi mwenyewe nimeshaziba matangi ya namna hiyo hapa barabarani, na watu wamefika.

Nikakimbia nyumbani, nikachukua sabuni ya Ritha juu ya karo, nikarudi, nikajifunga kitambaa mkononi, nikaikandika vizuri kwenye kile kiungo. Tone likakoma. Sabuni ya buluu kidogo inaonekana, lakini kwa mbali utadhani ni pambo.

Ritha anauliza sabuni iko wapi. Nimesema panya.

Jumamosi, 21 Juni

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nimelala ubavu na hakuna kingine cha kufanya.

Nilifika asubuhi na mapema nikiwa na suruali yangu ya Jumapili. Sabuni haikuwepo. Ilikuwa imegeuka kitu kama uji, inachuruzika chini, na kiungo kile sasa kinalia machozi ya kijani moja kwa moja. Nikasikia sauti. Madamu anakuja, Naftali na buti zake, mkewe Lea, Ritha wangu, Marko, majirani, wote!

Nikafanya kile ambacho mwanaume yeyote angefanya. Nikasimama mbele ya tangi, mgongo kwa tangi, mikono kiunoni, nikaziba.

Madamu akasema karibuni. Nikasema ahsante. Akasema nisogee kidogo. Nikasema hapa pananifaa. Akaanza kueleza majirani habari ya kutu, mimi nikitabasamu. Nikahisi ubaridi nyuma. Kisha si ubaridi tena. Kisha nikahisi kama siafu. Nikaendelea kutabasamu. Ritha akasema baadaye kwamba uso wangu ulikuwa kama wa mtu anayekumbuka deni.

Naftali ndiye aliyeona moshi. Akapiga kelele asidi! Akaruka, akanimwagia ndoo ya maji. Nzima! Mgongoni! Nikageuka nimpige, akanimwagia ya pili. Kisha akanikokota mpaka kwenye bomba, akanifungulia maji, akanishikilia hapo kama kondoo anayeogeshwa dawa, mbele ya mji mzima, huku akisema vumilia kaka, vumilia. Suruali ilikuwa imekwisha. Upande wa nyuma haukuwepo. Mpishi akanitupia kanga.

Ngozi ni nyekundu tu, haikuchunika. Madamu anasema nimshukuru Naftali na yale maji. Nimshukuru!

Wakati niko bombani tangi langu likamaliza kazi. Kiungo kikaachia chote, ubavu ukafunguka kama sikio la ng'ombe, asidi ikamwagika ndani ya beseni. Madamu akarusha magadi, povu likapanda, likatulia. Hakushtuka hata kidogo. Yaani alijua!

Akanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. Akasema rodi za kawaida ndizo zilizoliwa kwanza. Lakini hata ningetumia rodi za stenlesi, tangi lisingedumu, kwa sababu asidi hii na stenlesi ni maadui. Kinachoilinda stenlesi ni ngozi nyembamba sana ambayo macho hayaioni, na asidi hii inaichuna. Kung'aa si kinga. Kila dawa ina chuma chake, na hakuna chuma cha dawa zote. Aliyasema yote Jumatatu. Akaendelea kusema kwamba stenlesi isidharauliwe, ina mahali pake hata hapa karakanani, nadhani alitaja lile tangi la kutoa mafuta ambalo linatumia kostiki ya moto, ile ya kutengenezea sabuni, lakini hapo sufuria ya jogoo wangu ilikuwa inafunuliwa na sikuweza kumsikiliza tena.

Tangi la Naftali lilimiminwa, likasuuzwa, likageuzwa juani. Mpira uko vile vile. Chuma kiko vile vile. Watu wakapiga makofi. Kazi yote ni yake. Fundi mkuu ni yeye.

Kisha chakula. Wote tunajua firigisi ni ya nani. Firigisi ya kuku ni ya mwanaume anayeheshimiwa pale mezani, na jogoo alikuwa wangu, aliyemlisha ni mimi. Nikakaa vizuri ndani ya kanga yangu. Mpishi akaja na sahani. Nikanyoosha shingo. Akanipita! Akaiweka firigisi mbele ya Naftali. Nikapewa shingo. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Naftali wakati ule, na nimemwonea wivu miaka mingi.

Ndipo akasimama. Akasema hawezi kula kabla hajasema neno. Akasema Jumanne alikwenda kwa Madamu Loyce kujitoa.

Kujitoa!

Ndiyo ile chai. Ndiyo kile kichwa chini. Yeye ni fundi wa vyuma, akasema, na kila chuma alichotaja Madamu alikikataa. Stenlesi, hapana. Alumini, hapana. Bati la zinki, hapana. Akaona kazi imemshinda, akaaga, Madamu akamsihi afikiri siku moja zaidi. Kesho yake Marko akamletea maneno: chuma cheusi kivikwe mpira. Akarudi mbio kwa Madamu kuuliza, Madamu akasema ndivyo hasa wanavyofanya viwandani, nani kakufundisha? Akasema, Calist.

Watu wote wananitazama. Naftali macho yamejaa maji. Akasema hajawahi kuona moyo kama huu: mtu anajua jibu, anampa mpinzani wake, kisha yeye mwenyewe anachukua njia ya hasara, anaunguza mpaka suruali, ili sisi wengine tujifunze kwa macho yetu.

Makofi! Kwangu mimi! Lea alifuta machozi. Ritha alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu siku ya harusi yetu. Nami niko hapo, shingo ya kuku mkononi, na ndani ya kichwa kuna neno moja tu linazunguka. Alikuwa anajitoa. Ningekaa kimya, kimya tu, ningebaki fundi peke yangu! Tangi lipasuke lisipasuke, Madamu angempata nani mwingine? Waziba ndoo?

Naftali akakata firigisi katikati, akaniwekea nusu kwenye sahani yangu. Nikaila. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Siwezi kukaa kwenye benchi.

Ritha amerudi na habari kwamba nimeombewa. Naftali alinitaja kwa jina. Mwalimu wa kwaya naye ameuliza hali yangu. Nikauliza kama alisema lolote kuhusu waimbaji wa teno kupungua. Ritha akasema hapana, aliuliza hali tu.

Jambo la pesa ya bati limejulikana. Ritha alikuwa bado ana lile jicho la harusi, nikaona ni wakati mzuri, nikamwambia. Jicho likaisha. Akamaliza kuchambua mchicha. Kisha akatoka, akamwita Marko, wakaenda kwa Madamu, wakarudi na ule ubavu wa tangi langu uliobaki mzima. Umeshapigiliwa juu ya jiko, penye tundu. Akasema mvua haina haidrokloriki.

Alasiri amekuja Naftali, na buti, na soda. Ameniletea na dawa ya kupaka. Amekaa upande wa kitanda bila kukaribishwa. Anasema amezungumza na Madamu, anataka niwe msaidizi wake, tujenge matangi yaliyobaki pamoja, kama zamani tulipokula sahani moja. Koti lake la bluu tayari limeshonwa. Langu litakuja. Halitakuwa na jina, wasaidizi hawaandikwi.

Nilifungua mdomo kukataa. Ritha akasema tumekubali, ahsante sana shemeji, Mungu akuzidishie. Amzidishie! Tena?

Akiwa mlangoni akageuka. Akasema tangi linalofuata ni lile la kutoa mafuta, na amekwama, hajui alijenge kwa kitu gani. Angependa nifikirie. Akasema ananiamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefikiria. Kulala kifudifudi kunasaidia akili.

Nimepitia mambo yote tangu mwanzo, kwa haki, bila kujipendelea, na kosa langu nimeliona. Ni moja tu. Nilimpa Naftali ushauri mbaya. Naftali ni mtu ambaye ukimpa kitu kibaya kinageuka kizuri mikononi mwake, ndivyo alivyoumbwa, hakuna haki. Kwa hiyo dawa yake iko wazi kabisa, nashangaa sikuiona mapema. Mtu wa namna hiyo unampa ushauri mzuri! Mzuri kweli, kutoka moyoni, ule ambao ningejipa mwenyewe. Huo ndio utakaomgeukia.

Asubuhi hii Marko amepita kunijulia hali. Nikamwita karibu. Nikamwambia ni siri, asimwambie mtu, hasa Naftali. Tangi la kutoa mafuta: stenlesi tupu, iliyopimwa kwa sumaku, na rodi za stenlesi zenyewe kutoka mjini, asibane pesa. Marko akaitikia, akapiga kiki, akaondoka kuelekea kwa Naftali.

Nimemsikia Ritha jikoni anaimba. Mimi nasubiri tu. Safari hii ameisha.